Sahani ya Mama Emérence

"Leo nitakula," alisema Mama Emérence, na gari lilikuwa halijatoka hata mtaa wao wa West Side. "Nitakula mupaka sahani ikauke. Mutaniona."

Mtu asiyewajua angesema huyo ni mama mwenye njaa, basi. Lakini Chimène, aliyekuwa kiti cha nyuma na mkoba wake mapajani, alisikia tishio. Akamtazama mjomba wake Masumbuko kwenye kioo cha dereva. Mjomba akajifanya anaangalia barabara, kana kwamba Buffalo asubuhi ya Jumamosi, mwezi wa kumi mwaka 2015, ina magari mengi ya kumshughulisha.

Kwao Mama Emérence, upande wa Walungu kule Kongo alikozaliwa, mama mkwe hali mbele ya mkwe wake. Anaweza kumpikia, kumpakulia, kumnawisha mikono, lakini mkwe hatakiwi kumwona akitafuna. Ni heshima, na ndani yake kuna haya kidogo. Sasa hiyo heshima ina upande wake wa pili. Kijana akija kuposa, na mama wa binti akakaa mbele yake akala kwa raha zake, kijana amejibiwa. Ameambiwa kwamba kwa mama huyu yeye ni mpita njia kama wapita njia wengine. Hakuna ugomvi wala tusi. Ni sahani tu inayobaki tupu, na kila mtu anarudi kwake.

Ndiyo sababu Mama Emérence alikuwa hajagusa kitu tangu jana mchana. Jioni alikataa ugali, asubuhi akasukuma chai na mkate. Alikuwa anaitunza njaa yake kwa ajili ya kazi.

"Mama, umuangalie kwanza," Chimène alisema. "Muangalie tu. Hujawahi hata kumuona."

"Nilimusikia kwa telefone. Alisema maneno ine. Nilizihesabu."

"Alikuwa na haya."

"Bon. Eliezer wa Columbus hana haya. Anapiga telefone kila siku ya Mungu, anauliza goti yangu inaendelea namna gani. Ana nyumba kule Hilliard. Baba yake na baba yako walisali kanisa moja pale Bukavu. Donc huyo namujua mizizi. Sasa huyu wako?" Mama alianza kukunja vidole. "Ni Murundi. Amekulia kambini Tanzania, hana baba, hana mama, nani atakuja kusema kwa ajili yake? Halafu anabebaka mbao ya mapipa ya pombe!"

"Anabeba mbao, mama. Pombe inaingia baadaye."

"Inaingia! Umesema weye mwenyewe."

Mjomba Masumbuko alikohoa ili asicheke. Ndiye aliyeipanga safari hii, kwa sababu dada yake alikuwa amekataa katakata kijana asikanyage nyumba yake. Akiingia mlango wangu, alisema, kesho kanisa lote litasema tayari. Basi mjomba akazungumza kwa simu na Revokatus Niyonkuru, na kijana akataja mahali anapopita kila wiki na lori lake, mji mdogo wa wakata miti unaoitwa Dunmill, kule Pennsylvania ndani ya misitu. Kuna mgahawa pale, alisema. Mama atakula vizuri.

Masikini, hakujua alichokisema. Na Chimène hakuruhusiwa kumwambia. Mama alikuwa amemwekea Biblia mbele na kumwapisha, maana alitaka kumwona kijana kama alivyo, si kama alivyofundishwa. Zaidi ya hapo Chimène alikuwa ameahidi jambo moja tu: sahani ikimalizika, Jumamosi ijayo wote wanakwenda Hilliard kujulishwa kwa kina Eliezer.

Chimène aliegemeza kichwa kwenye dirisha. Alikuwa na miaka ishirini na minne, siku zake zote za wiki akiwahudumia wazee wa watu majumbani mwao, akiwaogesha na kuwasikiliza, na katika maisha hayo yote jambo moja tu alikuwa amelitaka kwa nguvu zake zote. Alikutana nalo Louisville mwaka uliopita, kwenye mkutano wa makanisa. Kwaya ya Buffalo ilikuwa inasubiri zamu, koo limemkauka, akazunguka nyuma kutafuta maji ya moto. Kijana mmoja mrefu alikuwa anaosha masufuria peke yake. Alimpa maji, akamtafutia ndimu, akarudi kwenye masufuria yake. Hakuuliza hata jina.

Ni Chimène aliyerudi baada ya hatua tano. "Kwa nini huniulizi jina?"

"Mkiitwa kuimba watalitaja," kijana alijibu. "Nitasikiliza."

Tangu siku ile alitaka kujua kila kitu chake, na alikuwa bado hajamaliza.

* * *

Dunmill ni barabara moja. Kuna kiwanda cha kupasua magogo kilichokuwapo kabla ya babu za watu wote walio hai pale, kuna kanisa, kuna posta, na pande zote ni msitu, majani yakiwa yamegeuka manjano na mekundu. Hewa inanuka unga wa mbao. Mgahawa wenyewe ni jengo refu la magogo lililoinama kidogo. Hapo zamani ndipo wakata miti walipokuwa wakilishwa kabla ya kuingia porini na mashoka.

Revokatus alikuwa nje, shati jeupe, koti limepigwa pasi mpaka mikunjo inaonekana. Alipoliona gari alifanya kama anakimbia, akakumbuka, akatembea. Alipofika kwa Mama Emérence aliinama.

"Shikamoo, mama."

Mama alisimama na mkono hewani. Kwao Bukavu watu wanaamkiana jambo, wanashikana mikono, wanamaliza.

"Dada, unasema marahaba," mjomba alimnong'oneza.

"Nijibu Kitanzania ju ya nini?" Kisha akamgeukia kijana. "Jambo. Umetoka Louisville leo?"

"Hapana, mama. Nilitoka jana, nikalala Hilliard."

Chimène alitamani ardhi impokee. Mama alinyoosha shingo. "Hilliard ya Columbus? Kwa nani?"

"Kwa mzee Ngarambe. Tulikuwa jirani kambini. Ndiye aliyenilea mwisho mwisho."

"Hilliard ni kuzuri, eti?"

"Kuzuri sana, mama."

"Unasikia?" Mama alimwambia binti yake, akaingia ndani.

Revokatus alibaki akimtazama Chimène. Hawakuwa wameonana tangu mwezi wa sita. Walikuwa wakiongea kila siku, yeye akiwa ameegesha lori pembeni mahali fulani, Chimène akiwa jikoni amefunga mlango, lakini sauti ni sauti na mtu ni mtu. Alikuwa amekonda kidogo. Kwenye kidevu alijikata na wembe. Chimène alitaka kuweka kidole pale, pale pale, na mikono akaifunga nyuma kwa sababu mjomba alikuwa anawatazama.

"Nimeharibu?" aliuliza kijana kwa sauti ndogo.

"Bado."

"Nifanye nini?"

Chimène alikumbuka Biblia. "Kuwa vile ulivyo," alisema, na aliona kabisa kwamba jibu lile halikumsaidia kitu.

Mwenye mgahawa alikuwa mama wa kizungu mwenye mikono minene, jina lake Peg. Alimkumbatia Revokatus kama wa kwake, akawapa wageni wote kahawa papo hapo mlangoni. Mama Emérence akapokea kikombe. Akanywa. Chimène alimshika mjomba mkono.

"Muyomba, amekunywa!"

"Kahawa ni mayi tu, si chakula. Tulia."

Ndani kulikuwa na meza ndogo ndogo zilizojaa wawindaji, na katikati kulikuwa na meza moja ndefu sana, ya ubao mmoja, yenye mabenchi pande mbili. Ukutani mkabala nayo palikuwa na msumeno wa watu wawili na kibao kilichoandikwa kwa rangi nyeupe. Revokatus aliwasimamisha pale, akasafisha koo.

"Mama, meza hii ina sheria yake. Zamani wapishi wa kambi za wakata miti walikataza watu kusema wakati wa kula. Waliogopa ugomvi, na walitaka watu wamalize warudi kazini. Mpaka leo ukikaa hapa, Peg akigonga chuma, hakuna neno mpaka agonge tena. Ukitaka kitu, unaonyesha kwa ishara tu."

Mama Emérence alimtazama. Wiki nzima alikuwa ameandaa maswali. Chimène alimsikia akiyasema peke yake bafuni.

"Donc umenileta fasi ya kunyamaza?"

"Chakula cha meza hii ndicho kizuri zaidi, mama. Kinatoka moja kwa moja…" Akaangalia viatu vyake, kisha akainua macho. "Na pia niliogopa maswali."

Mjomba aligeuka kuutazama msumeno. Chimène alifumba macho. Alipoyafumbua, mama yake alikuwa bado anamwangalia kijana, lakini nyusi moja ilikuwa imepanda, na Chimène aliijua nyusi ile. Ilikuwa inapanda mama akisikia kitu ambacho hakukitegemea.

"Bon," mama alisema. "Tutakula."

* * *

Walikaa Mama Emérence na Masumbuko upande mmoja, Revokatus na Chimène wakiwaelekea, nafasi ya mtu ikiwa kati yao kwa ajili ya adabu. Upande wa pili wa mama aliketi mzee mmoja wa kiwanda cha magogo, ndevu nyeupe, vidole vitatu mkono wa kushoto. Wengine saba au nane walijaza mabenchi. Peg aligonga chuma kilichoning'inia mlangoni mwa jiko, na maneno yakaisha.

Vyakula vikaanza kupita mkono kwa mkono. Vipande vya paja la nguruwe vilivyokatwa vinene kama kamusi. Viazi vilivyokaangwa na vitunguu mpaka vikashikana. Mayai. Mikate midogo ya moto iliyomwagiwa mchuzi mweupe wa soseji. Chapati za maji zenye upana wa sahani, na sukari ya maji inayogemwa kwenye miti ya hapo hapo msituni. Mwisho ukaja mtungi mweusi wa chuma, na Peg alipoufunua Chimène alimwona mama yake akivuta pumzi. Yalikuwa maharage, yaliyofukiwa shimoni na makaa tangu jana, yamelala humo usiku kucha, mchuzi umekuwa mzito na mwekundu. Yalinuka nyumbani. Yalinuka jiko la bibi yake Chimène, ambalo Chimène mwenyewe alilikumbuka kidogo tu na Mama Emérence hakulisahau hata siku moja.

Mama alipakua. Hakupakua kwa mzaha. Aliweka nyama vipande viwili, viazi kijiko baada ya kijiko, na maharage yakafunika vyote. Alishusha kichwa, akaomba kimya, akainua uma. Uma ulishuka, ukazama kwenye maharage, ukapanda umejaa, ukafika karibu na mdomo.

Ukasimama.

Mama alikuwa anatazama sahani ya Revokatus. Chimène naye akageuka kutazama.

Kijana alikuwa amepakuliwa kama wengine, na alikuwa hajaonja. Kwa ubavu wa uma alipiga mstari katikati ya sahani, kutoka juu hadi chini. Akasogeza viazi upande huu na upande huu. Akakata nyama, akaangalia vipande, akakata tena kimoja kwa sababu kilikuwa kikubwa. Maharage aliyagawa kwa makini mpaka pande zote mbili zikawa sawa. Kisha akaizungusha sahani, nusu moja ikawa mbali naye, na akaanza kula ile ya karibu. Hakujua kama anatazamwa. Alifanya yote hayo kama mtu anavyofunga vifungo vya shati.

Chimène alikuwa hajawahi kuliona jambo hilo. Angelionea wapi? Mapenzi yao karibu yote yalikuwa ya simu. Alijua Revo anapenda mvua, alijua anaogopa mbwa, alijua wimbo anaouimba akiendesha, na hakujua mpenzi wake anakulaje. Swali lilimjaa kinywani. Na watu kumi na wawili wanatafuna, na kibao kiko ukutani.

Harage moja lilianguka kutoka kwenye uma wa mama. Likafuata la pili. Mama Emérence aliushusha uma polepole, akaulaza kando ya sahani, akaficha mikono yake chini ya meza.

Chimène hakuthubutu kufurahi. Pengine anapumzika, alijiambia. Pengine yanaunguza. Dakika zikapita. Mama hakugusa kitu. Alikuwa anamtazama Revokatus tu, kwa macho aliyokuwa akiyatumia zamani kusoma barua za jamaa, akirudia mstari mmoja mara tatu.

Hapo ndipo kijana alipoinua kichwa akaona.

Akaona sahani ya mama imejaa hivyo hivyo. Akasukuma chumvi mbele yake. Mama akatikisa kichwa. Akasukuma chupa ya sukari ya miti, kisha pilipili, kisha mikate ya moto, vyote vikapanga foleni mbele ya Mama Emérence. Akafanya ishara ya mkono kuelekea mdomoni, karibu mama, karibu. Chimène alimtolea macho: acha, Revo, kwa jina la Yesu acha! Revokatus aliyasoma macho yale akaelewa kinyume chake, akaongeza siagi. Chimène akanyoosha mguu chini ya meza amkanyage. Aliyeruka alikuwa Mjomba Masumbuko.

Na katikati ya ukimya ule tumbo la Mama Emérence likanguruma.

Halikunguruma kidogo. Lilinguruma refu, likapanda, likashuka, likasikika mpaka mwisho wa meza. Watu walitazama sahani zao. Mzee mwenye vidole vitatu alimwelekezea mama uma, akauelekeza kwenye maharage, akapandisha nyusi kwa huruma. Mama alimtabasamia kwa heshima zote. Mate alimeza, Chimène aliliona koo likishuka. Mikono ilibaki chini ya meza.

Chimène alianza kulia bila sauti, machozi yakidondokea viazi vyake. Na Revokatus alipoyaona machozi yale, aliweka uma chini. Nusu yake ilikuwa imekwisha. Ile nyingine ilikuwa nzima, haijaguswa, na kijana alikaa mbele yake kama mtu anayesubiri kusomewa hukumu.

Peg akagonga chuma.

* * *

Meza nzima ikafunguka kwa kelele. Mama Emérence hakungoja hata mlio uishe.

"Ile nusu ni ya nani?"

Revokatus aliangalia sahani yake.

"Ah. Ya mama."

"Mama gani? Masumbuko aliniambia mama yako alikufa."

"Ndiyo. Alifariki nikiwa na miaka kumi na miwili." Aliongea taratibu, Kiswahili chake kimenyooka. "Kabla ya hapo alikuwa mgonjwa, haamki kitandani. Miaka mingi. Foleni ya chakula nilikuwa nasimama mimi, napika mimi. Nilikuwa mdogo, na nilikuwa na njaa sana. Nikajifunza kugawa kabla ya kuonja. Ukionja kwanza, huwezi tena kugawa sawa. Mkono unakudanganya."

"Na sasa?"

"Sasa nimezoea tu. Nikianza kula bila kugawa, chakula hakipiti." Alitabasamu kidogo kwa aibu. "Nusu yake naila mwisho, ikishapoa."

Sheria ya meza ilikuwa imekwisha, lakini walinyamaza kuliko walipokatazwa. Chimène alimpenda mtu yule kwa namna iliyomuuma mbavuni.

"Mama, na mimi naomba kuuliza moja," alisema Revokatus. "Chakula kina kasoro gani?"

"Hakina kasoro."

"Basi onja hata kidogo."

"Hapana."

"Hata viazi? Nitaomba wakuletee vingine, vya moto."

"Kijana, usinilazimishe!"

Alisema kwa ukali, kwa sababu njaa ilikuwa inamuuma kwelikweli, na Revokatus aliupokea ukali ule kama ulivyokuja. Akasimama. Akakunja kitambaa chake cha mezani, akakiweka sawasawa kando ya sahani.

"Nimeelewa, mama. Asante kwa kufika. Mjomba, asante." Kwa Chimène hakusema neno, alimtazama tu, na ndani ya macho yale kulikuwa na kwaheri nzima. Kisha akatoka.

Chimène alikuwa ameshainuka. Mama alimdaka mkono.

"Kaa."

"Mama, anaenda! Anafikiri umemkataa!"

"Nakuuliza weye. Ulijua habari ya ile nusu?"

"Sikujua! Nimeiona leo na wewe."

"Hm." Mama aliitazama sahani ng'ambo ya meza. "Nikiwa mutoto, wakati wa vita, tulikimbia na mama yangu. Nilikuwa na muhogo moja. Nilionja kwanza." Mjomba Masumbuko, aliyekuwa mtoto mgongoni safari ile, alishika kikombe chake kwa mikono miwili na hakukinywa. Mama akauachia mkono wa binti yake. "Bon. Nenda. Ile kiapo ya Biblia imekwisha. Mwambie."

Chimène alikimbia. Nyuma yake alimsikia mama akimwita Peg kwa Kiingereza chake chote: boksi, boksi mbili, na Peg akiuliza kwa wasiwasi kama chakula kilikuwa kibaya, na mjomba akijaribu kufafanua kwamba kwao kuna watu ambao mbele yao mama hali. Peg alicheka kwa sauti, akasema hapa watu walikatazwa kusema mezani, lakini kukatazwa kula mezani ndiyo anasikia leo.

Revokatus alikuwa amesimama kando ya gari dogo aliloazima kwa mzee Ngarambe, funguo mkononi. Hakuwa ameufungua mlango.

"Umeona mwenyewe," alisema. "Hata punje moja."

"Hata punje moja!" Chimène alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja, pumzi hana. "Revo, hata punje moja! Na tangu jana hajala!"

"Chimène, usinicheke. Si leo."

"Sikucheki. Nisikilize. Kwetu mama hali mbele ya mkwe wake. Haruhusiwi. Angekula leo, angekula kitu chochote, wewe na mimi tungekuwa tumekwisha. Alikuja ili ale! Alifunga tangu jana ili ale mbele yako!"

Midomo ya Revokatus ilikuwa inatembea kidogo, anarudia maneno ndani kwa ndani.

"Na mimi nilimpa chumvi," alisema mwishowe.

"Ulimpa chumvi."

"Na siagi."

"Na pilipili, na sukari, na mikate. Nilikuwa nakufa." Na hapo Chimène aliweka kidole kwenye kile kidonda cha wembe, kama alivyotamani tangu asubuhi, na kijana akakishika kiganja kile akakibana shavuni na kufumba macho. Walisimama hivyo mpaka mlango wa mgahawa ulipolia.

Mama Emérence alitoka na boksi mbili, mjomba nyuma yake na kipande cha pai ya tufaha. Revokatus aliuachia mkono wa Chimène haraka, akanyooka. Mama akampa boksi moja kwa mikono miwili.

"Nusu yako. Uliiacha. Kula ingali moto."

"Mama, hiyo ni ya…"

"Najua ni ya nani." Aliinua boksi la pili, lililojaa mpaka kifuniko kikawa hakifungi. "Mama yako leo ana yake. Sawa? Donc ile ni yako yote."

Kijana aliinamisha kichwa juu ya boksi, mabega yakatikisika mara moja, na mjomba akamwekea mkono mgongoni.

"Mapipa tutayaongea," Mama Emérence aliendelea, akivaa tena ukali wake. "Na nani atakuja kusema kwa ajili yako?"

"Mzee Ngarambe, mama. Ameshakubali."

"Wa Hilliard?"

"Wa Hilliard."

Mama alimgeukia binti yake, na nyusi ile ilipanda tena. "Unaona? Nilikuambia Jumamosi ijayo tutaenda Hilliard."

Akaingia kwenye gari, kiti cha nyuma, akafunga mlango, akajifunika kitenge kichwani. Kisha akashusha kioo kidogo, upana wa vidole viwili.

"Chimène! Mwambie mukwe wangu ageuke, aangalie miti. Niko nakufa na njaa."

Revokatus akageuka upesi, akasimama wima, boksi lake kifuani, akiutazama msitu wa Dunmill kwa bidii zote. Nyuma yake alisikia kifuniko kikifunguliwa.